Jezi isimzuie mkimbizi wa ndani kupanda kilima

Mjini Bukavu, mtu akitoka kando ya ziwa Kivu hana njia nyingine: lazima apande. Ndiyo maana klabu za mbio za hapa hazitafuti uwanja wa kulipia. Jioni vijana wanakutana chini, komini ya Ibanda, wanashika barabara ya kupanda Kadutu wakiimba na kupiga makofi, na watoto wa mitaa wanawafuata nyuma mpaka pumzi inawaishia.

Hilo ni jambo zuri. Lakini pembeni ya barabara kuna vijana wanaotazama tu. Hao ni wa familia zilizokimbia vita, zikiwemo zile zilizotoka upande wa Minova na Nyabibwe mwanzoni mwa 2025. Wengi wao wanakaa kwa ndugu ao kwa wakaaji waliowafungulia mlango. Chumba ni kidogo, kazi hakuna, masomo yalikatika. Mchana ni mrefu sana kwa kijana wa namna hiyo.

Klabu inayodai jezi ya rangi moja, viatu vya mbio na mchango wa kila mwezi inamfungia mlango, hata kama haikumwambia neno baya. Mtu aliyefika na kandambili na nguo aliyovaa siku ya kukimbia, jezi ataitoa wapi?

Viongozi wa klabu wana sababu zao, na si za bure. Jezi inasaidia kutambuana, na mchango unanunua maji na dawa ya mtu aliyejikwaa. Siku hizi za usalama mdogo, hakuna anayetaka kupanda kilima na mtu asiyejulikana. Ni kweli. Lakini kutambuana kunawezekana kwa kitambaa kinachofungwa mkononi, na kwa daftari lenye jina la kijana na la baba ao mama aliyempokea nyumbani. Mchango utolewe na mwenye nao.

Wengine watasema: mkimbizi anahitaji unga, hahitaji mbio. Unga unahitajika kwanza, hakuna wa kubisha. Lakini kijana anayeshinda amekaa na mawazo peke yake anahitaji pia watu wanaomwita kwa jina lake. Mbio za kikundi zinampa hilo bila franga. Alikimbia akiacha nyumba nyuma. Hapa angekimbia akijua atarudi, na kwamba kesho kutwa wanamungoja.

Kuna mambo ya kuangalia. Bukavu iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Kikundi kianze saa kumi na nusu, na kila mtu awe amefika nyumbani kabla ya giza. Mji uko kwenye urefu wa mita 1.500 hivi juu ya bahari, na mtu anayekula mara moja kwa siku asisukumwe kushindana. Apande kwa hatua fupi, na akichoka atembee. Kushuka ndiko kunaumiza magoti, basi washuke polepole. Wasichana nao waulizwe saa inayowafaa, kwa sababu jioni wengi wao wanatafutwa kwa kazi ya maji na ya jiko.

Wazazi wa familia zilizohama, msiwazuie watoto kwa kuona haya ya nguo. Ulizeni kwanza ni nani anaongoza kikundi, kinapita njia gani, kinarudi saa ngapi. Nanyi viongozi wa klabu, jumamosi hii mkimwona kijana amesimama pembeni, mwiteni. Kilima cha Kadutu hakiulizi mtu alitoka wapi. Klabu nayo isiulize amevaa nini.