Daftari la Wiki: Rungwe kwa Siku Moja

Mtu wa Iringa au Mbeya akipata hamu ya kupanda mlima, wazo la kwanza ni Kilimanjaro. Anadunduliza nauli ya Moshi, anaulizia bei za Marangu, na muda wote huo Rungwe umesimama pale pale, njia ya Tukuyu. Kilimanjaro nauheshimu. Lakini wanaoukwea kwa siku moja kupitia Marangu huishia vibanda vya Mandara, mita 2,720 kutoka usawa wa bahari, kisha hugeuza. Kilele cha Rungwe kina mita 2,960 hivi. Unatoka Mbeya mjini alfajiri, unafika juu, unashuka, na usiku unakula ugali wako mjini. Safari ya namna hiyo ndiyo iliyojaza daftari la wiki hii.

*

Tulikuwa kikundi kutoka Iringa, wengi wetu walimu, tumelala Mbeya. Saa kumi na moja alfajiri Coaster ilikuwa imeshafika Uyole na kukata kulia, barabara ya Tukuyu na Kyela. Isongole baridi ilitupokea kabla ya watu. Viazi vimepangwa kando ya lami kwa magunia ya lumbesa, ile lumbesa inayopigwa marufuku kila mara na bado mkulima ndiye anayeumia nayo. Mama mmoja aliyejifunga vitenge viwili juu ya koti alitusalimu Kinyakyusa, "Ugonile," akacheka sana tulipomjibu kwa Kihehe, "Kamwene, mama."

*

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa kijiji kilicho chini ya mlima, mwenye buti za mpira na panga ndani ya ala. Kabla hatujapiga hatua alitupanga mstari, akauliza nani ana pumu, nani ana presha, nani aliwahi kuteguka mguu. Kisha akainama kukagua viatu, kimoja baada ya kingine, akibonyeza soli kwa kidole gumba. Mwalimu mmoja alikuwa amevaa raba za mjini zilizolika. Kijana hakumkaripia. Alimwomba tu, kwa heshima zote, avae buti za kaka yake, akaenda kuzichukua nyumbani.

Masharti yake yalikuwa machache. Asipitwe yeye aliye mbele, asiachwe nyuma mwenzake aliyefunga mstari, na ikifika saa saba mchana tugeuze, popote tutakapokuwa. Hilo la mwisho lilizua minong'ono, maana watu walikuwa wamelipia kilele. Akalieleza bila kupandisha sauti. Mchana ukungu huja kutoka upande wa Ziwa Nyasa, mvua haichelewi kuufuata, na ndani ya mianzi giza huingia mapema kuliko nje. Anayeng'ang'ania kilele saa tisa hushuka kwa tochi, tena kwenye utelezi. Nikaona tumempata mtu.

Njiani alitembea polepole kuliko tulivyotaka, na baada ya saa mbili tulielewa kwa nini. Waliokuwa wakimsukuma kwa maneno ndio walioanza kuomba kupumzika. Yeye alikuwa akisikiliza pumzi zetu. Mtu akianza kuhema kwa sauti, anasimama kutuonyesha mti, anaeleza unatibu nini, hata yule mtu anapata nafuu bila kuaibishwa mbele ya wenzake.

*

Msitu huu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2009, zaidi ya hekta 13,000 chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ndani yake anaishi kipunji.

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja tangu zamani: kima wa kahawia, mkia mrefu, nywele zimesimama utosini, mwenye haya. Watafiti waliokuwa wakikusanya habari za wanyama wa milima hii hawakuwa na hakika kama huyu ni wa msituni au wa hadithini. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2004 timu nyingine, bila kujua habari za wenzao, ikamkuta katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, huku kwetu Iringa. Dunia ikatangaziwa 2005. Mwaka 2006, baada ya kuchunguza mzoga wa kima aliyenaswa kwenye mtego wa mkulima, wanasayansi wakampa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima hai tangu 1923. Hesabu iliyotolewa 2008 ilikadiria kipunji 1,100 na kidogo, wote waliokuwepo duniani.

Sisi hatukumwona. Mwongozaji aliinua mkono, tukanyamaza, tukasikia matawi yakitikisika ng'ambo ya bonde, basi.

Habari hii inafanana na ya kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark waliopiga kambi msituni walimaliza kula, wakaona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemjua. Ndege huyo alikuja kupewa jina la kisayansi 1994, na ikabainika kwamba jamaa zake wa karibu wako misitu ya Asia. Waliomtega kwa ajili ya kitoweo hawakuhitaji kuambiwa kwamba yupo. Majina ya watafiti yameandikwa vitabuni, na wanastahili, maana bila kazi yao misitu hii isingepata ulinzi ilio nao. Ila aliyewaambia pa kutafuta haandikwi, na mimi naona hilo ni deni.

*

Karibu na mianzi kijana alisimama ghafla akatoka njiani. Kulikuwa na mche mwembamba uliopindwa, ncha yake imefungwa waya, na ule waya umetandazwa juu ya majani makavu ukiwa na kitanzi cha upana wa kiganja. Usingeambiwa usingeuona. Aliufyatua kwa kijiti, mche ukaruka juu, kisha akaufungua waya taratibu, akauviringa kwenye vidole na kuutia mfukoni. Alituambia mtego huo ni wa paa, lakini waya hauchagui, na kipunji naye hushuka chini. Hakumlaani aliyetega. Alisema huenda anamfahamu, na kwamba mtu mwenye kazi ya kumlipa kila wiki hana haja ya kulala msituni akisubiri paa.

*

Hapo nikaingia kwenye suala la malipo, nikamuuliza. Wageni wengi hulipa mjini, kwa mtu mwenye simu na gari. Kijana anayejua njia hupewa kinachobaki, kwa makubaliano ya mdomo, na safari ikiahirishwa kwa mvua hapati kitu hata kama ameshapoteza siku ya shamba. Kule Kilimanjaro mpagazi ana kiwango cha mzigo kilichoandikwa, kilo 20, na kuna watu wa kumsemea akizidishiwa. Haikupatikana kirahisi, ilidaiwa miaka mingi. Mlima wetu hauna umati ule, kwa hiyo hapa mambo yanaweza kupangwa vizuri mapema, kabla ya mazoea mabaya kuota mizizi: bei ya mwongozaji ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji, mgeni aisome na amlipe mwenyewe mkononi. Viongozi wa Rungwe hawahitaji mfadhili kwa hilo.

*

Tulifika juu kabla ya saa saba. Mianzi inaisha, vichaka vinafuata, halafu nyasi na upepo, na ukingo wa kasoko la zamani. Ziwa Nyasa lilionekana kwa dakika chache likang'aa upande wa kusini, ukungu ukafunga. Mwongozaji alituelekeza uliko Kyejo, mlima mdogo kuliko huu, ambao ulitoa uji wa moto mnamo mwaka 1800, na wazee wa huku walirithishana habari zake.

Nilichokaa nikikitafakari zaidi ni maji. Miteremko ya kusini mashariki hupata mvua hadi milimita 3,000 kwa mwaka. Msitu huipokea, hunywesha migomba na chai, na mito ya Kiwira na Mbaka hubeba mengine hadi Kyela. Mchele wa Kyela tunaougombea sokoni Iringa, hata wakati wa bei kali, unaanzia kwenye ukungu huu uliotulowanisha makoti. Ukikata miti ya juu, anayelia ni mkulima wa mpunga aliye mbali na hapa, ambaye pengine hajawahi kukanyaga Rungwe.

*

Wakati wa kurudi tulipitia Daraja la Mungu, tukaona mto Kiwira ukipita chini ya tao la mwamba ambalo hakuna fundi aliyelijenga. Ni zao la volkano, na pazuri kweli. Wengine walinunua ndizi Kiwira. Wengine walilala tangu Coaster ilipowashwa.

*

Msimu wa kiangazi ni Juni hadi Oktoba, na hata wakati huo beba koti la mvua. Anayetaka kwenda aanzie ofisi ya hifadhi na ya kijiji, aombe mwongozaji anayeishi chini ya mlima, wakubaliane bei mapema na amlipe mkononi. Walimu wa jiografia na biolojia wa Mbeya na Iringa, nawaomba ninyi hasa. Wanafunzi wenu wanachora volkano kwenye madaftari kila mwaka, na wengi wanatoka kidato cha nne bila kuugusa mlima wa volkano, hata wale wanaouona kupitia dirisha la darasa. Wachangisheni wazazi nauli ya basi moja mapema, kabla ya mvua za Novemba.