Panda penye jua, na chunga watoto
Kwa sisi tunaoishi Uingereza, ningependekeza Euonymus europaeus, mti wa asili wa huku, hasa aina ya 'Red Cascade'. Huvumilia baridi kali na hustawi hata kwenye udongo wa chokaa. Upandwe penye jua, maana kivulini majani hayageuki mekundu sawasawa. Ikifika Oktoba, matunda ya waridi hupasuka na kuonyesha mbegu za rangi ya chungwa. Wallahi, hupendeza mno! Mlioko Massachusetts, msiutafute ndugu yake, Euonymus alatus: umevamia misitu, na kuuuza ni marufuku. Lakini matunda ya Euonymus europaeus yana sumu, na rangi yake huwavuta watoto. Wazazi, tafadhali upandeni mbali na wanapochezea.