Kabla hujaagiza sponji za bustani ya ndani, pita kwa fundi makochi

Kwa wiki kadhaa nilidhani mama amechoka na bustani yake. Ile mashine ya kuoteshea mboga ndani ya nyumba, ambayo kaka alimtumia kutoka nje baada ya magoti yake kukataa kuinama shambani, ina matundu 12. Mwanzoni yote yalijaa. Ilipofika mwezi wa tatu nikaona matano tu ndiyo yenye mimea, na mengine ameyaziba kwa vipande vya karatasi. Nilipomuuliza akanijibu, "Zinatosha hizo, mwanangu."

Hazikuwa zinatosha. Mama ana presha, na kila akienda kliniki anakumbushwa chumvi kidogo, mboga nyingi. Lakini si hilo tu. Huyu ni mtu aliyelima maisha yake yote, sasa anaishi na mimi ghorofa ya tatu jijini Dar es Salaam, hana hata robo ya mita ya udongo. Ile mashine ndiyo kitu anachoamkia asubuhi.

Ukweli niliupata kwa mdogo wangu. Alikuwa amemtajia mama bei ya zile sponji ndogo za kuwekea mbegu. Paketi ya vipande 50, ukijumlisha na usafirishaji, ilitufikia kwa zaidi ya Sh60,000. Mama akapiga hesabu yake kimyakimya: sponji moja ni sawa na mafungu mawili ya mchicha sokoni. Akaona aibu kuomba paketi nyingine, akaamua kuacha matundu wazi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuziona, bustani hizi za haidroponiki hazitumii udongo. Mizizi inaning'inia kwenye maji yenye virutubisho, na juu kuna taa. Mbegu yenyewe huwekwa kwenye kipande cha sponji ndani ya kikapu kidogo cha plastiki. Sponji hizo za dukani nyingi zimetengenezwa kwa mboji ya mimea iliyooza kwenye vinamasi kwa miaka mingi, ikachanganywa na kitu cha kuishikamanisha isimomonyoke. Zina umbo zuri, zinaingia vizuri kwenye kikapu. Lakini ukiuliza zinafanya kazi gani, jibu ni fupi: zinashika maji, zinaacha hewa ipite, zinamshikilia mche asianguke. Chakula cha mmea hakimo humo. Kinatoka kwenye maji, na mbegu ikiwa inachipua inakula akiba yake yenyewe.

Nilipolielewa hilo ndipo nikaacha kutafuta "sponji za haidroponiki" na kuanza kutafuta kitu chochote safi chenye maji na hewa.

Nilianza vibaya. Nikachukua pamba ya dukani, ile ya kusafishia vidonda. Pamba inalowa mno, hewa haipiti, na mizizi inajisokota ndani yake. Siku ya sita ilikuwa inanuka. Msomaji mmoja niliyekutana naye kwenye daladala akanishauri treya za mayai za karatasi, ziloweshwe na kufinyangwa. Hapana. Treya iliyokwisha kubeba mayai inaweza kuwa na salmonella, na hapa tunaotesha majani ambayo mengine yataliwa mabichi. Kwa sababu hiyohiyo sponji ya kuoshea vyombo iliyokwisha kutumika isikaribie kabisa. Hata mpya, soma maandishi: zile zinazotangazwa kuua bakteria zimewekwa dawa, na nyingine zina sabuni ndani.

Kipo pia kitu kinachoitwa rokiwuli, aina ya pamba inayotengenezwa kwa kuyeyusha mawe, ambacho wakulima wakubwa wa nje wanakipenda sana. Kinafanya kazi, lakini nyuzi zake zikiwa kavu zinawasha ngozi na kukera koo na mapafu, na kabla ya kupanda lazima kiloweshwe kwenye maji yaliyotiwa uchachu kidogo kwa sababu chenyewe kina alkali. Nyumbani kwetu kuna mjukuu mwenye pumu. Sikukinunua.

Basi tukabaki na vitu vitatu: dodoki, makumbi ya nazi na sponji ya godoro.

Dodoki nililipenda kwa moyo wote, nikiri. Ni tunda, linaota kwenye ua, likikauka unalimenya na kutoa mbegu zake, na likiisha kazi linaoza likawa mboji. Lakini matundu yake ni makubwa. Mbegu za mchicha, ambazo ni kama punje za mchanga, zilipita zote zikaenda kukaa chini ya tenki. Umeme ulipokatika mchana mmoja, pampu ikasimama, dodoki likakauka kabla ya saa tisa na miche ikalala. Linafaa kwa mbegu kubwa kama bamia, au kwa kushikilia kipande cha mnanaa ulichokata kwenye shina, ambacho hakihitaji kuoteshwa.

Makumbi yana habari yake, hasa kwetu watu wa pwani. Kule Unguja akina mama hufukia makumbi kwenye tope la ufukweni kwa miezi kadhaa ili yalainike, kisha huyaponda na kusokota kamba. Makumbi ya namna hiyo yamelala kwenye maji ya chumvi, na chumvi huua mche. Hata yasiyofukiwa ni vizuri kuyaloweka siku kadhaa, ukibadilisha maji mpaka rangi ya chai iishe. Halafu nyuzi peke yake hazishiki maji ya kutosha. Kinachoshika maji ni ule unga wa kahawia unaobaki ukichambua nyuzi. Unga huo nao ukiuweka kwenye kikapu bila kitu chini yake, unadondoka ndani ya tenki na kuziba pampu. Sisi tulikata kitambaa chepesi cha pamba tukakitandika kwanza. Miche ilitoka mizuri kuliko yote, ila kwa kazi ile, mama alisema ni afadhali angerudi shamba.

Kilichotuokoa ni fundi makochi aliye mwisho wa mtaa wetu. Anapokata sponji za viti, vipande vidogo huvitupa au huvijazia mito. Nilipomwomba vipya, vyeupe, visivyopakwa gundi, akaniuliza, "Dada, unashona mto wa mtoto?" Nikamweleza. Akacheka, akanijazia mfuko kwa Sh1,000. Nilikuja kuhesabu nyumbani: tulipata vipande zaidi ya 100.

Si kitu cha kubahatisha. Huko Japani, viwanda vinavyolima letusi ndani ya majengo vinatumia sponji ya aina hii, ya poliyurethani, kuoteshea miche yao. Ila kuna mambo ya kuangalia. Chagua ile laini ambayo ukiibonyeza inarudi haraka. Usichukue ya godoro kuukuu, ambalo limeshalaliwa na kukojolewa na hujui limepuliziwa dawa gani ya kunguni. Kata vipande vya sentimita 2.5 kila upande, kwa wembe, kisha chana juu msalaba usiozidi sentimita moja kwenda chini.

Halafu kuna hatua ambayo mimi niliiruka mara ya kwanza, na mbegu zote zikafa kwa kiu zikiwa juu ya maji. Sponji mpya ya godoro inakataa maji. Inaelea tu, juu imelowa, ndani kavu. Ioshe, kisha iweke ndani ya bakuli la maji safi, uibonyeze na kuiachia huko huko chini ya maji mpaka mapovu yaishe. Ukiitoa iwe nzito. Weka mbegu mbili au tatu, usizizamishe sana, na kikapu kiguse maji kwa chini tu. Virutubisho subiri mpaka majani halisi yatokeze, yale yanayofuata baada ya yale mawili ya kwanza, na hapo anza na nusu ya kipimo.

Mchicha ulitoka siku ya nne. Rehani siku ya saba. Sukuma wiki haikusumbua. Lakini letusi, ambayo wengi tunaiita saladi, haikutoka hata moja, na hapo mama akanikunjia uso kwamba unaona sasa, cha bei rahisi.

Tulikuwa tumebakiwa na sponji mbili za dukani. Tukapanda letusi humo pia. Nazo hazikutoka.

Kosa lilikuwa la joto. Mbegu za letusi zikikutana na joto linalokaribia nyuzi 30 zinajifunga, zinagoma kuchipua hata ukizilisha asali. Sebuleni kwetu mwezi Januari, karibu na taa ya mashine, nyuzi 30 ni asubuhi tu. Nadhani wengi walioagiza sponji za bei kubwa mara ya pili na ya tatu walikuwa wanapambana na hali ya hewa ya Dar, si na sponji. Dawa yake ni kuziweka zile sponji zenye mbegu kwenye chombo chenye kifuniko, siku mbili kwenye droo ya mboga ya friji, kisha kuzitoa jioni na kuziacha sehemu yenye ubaridi. Kwetu ni sakafu ya bafuni, juu ya kigoda.

Jambo moja la kiafya ambalo sikulitegemea. Siku nilipotoa zile karatasi alizozibia mama, moja ilikuwa imelowa na kudondoka, na ndani ya tenki kulikuwa na viluwiluwi vya mbu. Mwaka 2019 nilikuwa chuo wakati dengue ilipoenea Dar es Salaam, na mbu wake anapenda hasa maji yaliyotulia ndani na kuzunguka nyumba. Tundu lisilo na mmea lizibwe kwa kitu kigumu kisichopitisha mwanga, maana mwanga nao unaleta ule ukijani wa mwani. Maji yamwagwe na tenki lisuguliwe kila baada ya wiki moja.

Nisikudanganye kuhusu mavuno. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na matundu 12 hayamfikishi mama huko hata kidogo. Mboga nyingi bado tunanunua sokoni. Anachopata humo ni rehani, majani ya saladi na kiganja cha mchicha wa kuongezea, kilichochumwa dakika hiyo. Pia sponji ya godoro haiozi. Mizizi ikishapenya ndani huwezi kuitumia tena, na mfuko wa zilizotumika upo nyuma ya mlango unanikodolea macho. Kwa mbegu kubwa tumerudi kwenye dodoki.

Matundu yote 12 sasa yana kitu. Mama ndiye anayekata sponji, wembe mkononi na miwani puani, na fundi makochi hataki tena pesa, anataka rehani. Letusi za awamu hii ziko kwenye friji tangu juzi. Mjukuu alishataka kuzionja, kwa hiyo juu ya kifuniko mama ameandika kwa kalamu nene: SI KEKI.