Fulana na Mashindano Haviwajengi Vijana Wanaotutengenezea Programu

Ndugu mkulima, na wewe ndugu mfanyabiashara wa kijijini, leo siandiki juu ya mbolea wala viwavijeshi. Naandika juu ya programu za simu, na naomba usiiruke makala hii ukidhani ni mambo ya vijana wa mjini. Kila msimu watu wanatuletea programu mpya: ya bei za mazao, ya hali ya hewa, ya kuuza mbuzi, ya mikopo ya pembejeo. Mnaitwa ofisi ya kijiji, mnaandikishwa majina na namba za simu, mnapewa soda. Msimu unaofuata programu haifunguki. Tumezoea kumlaumu kijana aliyeileta. Mimi nasema lawama kubwa si yake. Ni ya wale waliojitwika kazi ya kumlea kijana huyo, kisha wakaifanya kazi hiyo kama ugani mbovu.

Hakuna programu inayosimama peke yake. Chukua duka la pembejeo. Mteja analipa kwa simu, na programu ya duka inayaona malipo yenyewe na kupunguza mfuko mmoja kwenye hesabu ya stoo. Ili hilo liwezekane, kampuni ya simu lazima iwe imefungua mlango ambao programu ya mtu wa nje inaweza kupitia na kuuliza: je, fedha ya mteja huyu imeingia? Ramani nazo zina mlango wake, hali ya hewa ina wake, ujumbe mfupi una wake. Kampuni zenye milango hiyo zinataka vijana wengi waitumie. Vijana nao wanahitaji mtu wa kuwaonyesha mlango unavyofunguka, wa kuwajibu wanapokwama, na wa kurudisha malalamiko yao kwa mafundi wa kampuni. Kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Ukiniuliza mimi, wale ni mabwana shamba na mabibi shamba wa watengeneza programu.

Kazi hii si ya jana. Kampuni ya Apple ya Marekani ilipoanza kuuza kompyuta ya Macintosh mwezi Januari 1984, ilijua kwamba kompyuta isiyo na programu ni jembe lisilo na mpini. Ikawatuma watu wakawashawishi watengeneza programu wa kampuni nyingine waiandikie kompyuta hiyo. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Guy Kawasaki, na kazi yao iliitwa uinjilisti. Ndiyo, uinjilisti, bila kanisa. Sina ugomvi na wainjilisti wa kanisani, lakini kwa kazi hii jina lenyewe linanitia shaka. Mwinjilisti amebeba neno la kupeleka. Hakutumwa arudi na maswali.

Sisi wa kilimo tumeshaipita njia hiyo. Kuanzia miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilisambaza katika nchi nyingi, zetu zikiwemo, mfumo wa ugani wa mafunzo na matembezi. Afisa anafundishwa ujumbe wa wiki mbili, anaupeleka kwa wakulima wachache waliochaguliwa, nao wanatarajiwa kuueneza kwa wengine. Kwenye karatasi ulipendeza sana. Shambani, ujumbe ulikuwa mmoja kwa mwenye ardhi ya bondeni na kwa mwenye kichanga cha mlimani, na mkulima akiuliza swali ambalo halimo katika ujumbe wa wiki hiyo, swali lilibaki palepale. Taarifa zilijaa idadi ya matembezi. Idadi ya matembezi haijawahi kupalilia shamba.

Sasa tazama wanavyoletewa vijana wa programu. Kuna mashindano ya siku mbili, usiku na mchana, ya kutengeneza programu "ya kumkomboa mkulima". Kuna fulana, kuna pilau, kuna stika za kubandika kwenye kompyuta. Mwisho kuna hundi ya kupigia picha, pana kama mlango wa banda la ng'ombe. Mwenye mashindano anaandika taarifa kwa wakubwa wake: vijana mia kadhaa walihudhuria, programu kadhaa zilizaliwa. Jumatatu asubuhi kijana aliyeshinda anafungua kompyuta yake na kukuta kwamba mlango aliotumia Jumamosi unadai hati ya usajili wa kampuni, maelezo ya kuutumia yamepitwa na wakati, na aliyekuwa anamjibu kwenye mashindano amesafiri kwenda kuandaa mashindano mengine mkoa wa jirani. Hapo ndipo programu yako inapofia, kabla hata haijafika kijijini. Kinachofika ni mzoga wake.

Nimeuona mzoga wa namna hiyo. Katika kata moja niliyofanya kazi ililetwa programu ya bei za soko. Kwa miezi michache bei za mahindi na maharage zilikuja kila asubuhi, na akina mama wanaouza kwa madebe walianza kumwambia dalali "hiyo bei yako si ya leo." Kisha bei zikaganda. Hazikutoweka, ziliganda: namba ileile, siku baada ya siku, huku soko likipanda. Waliouza kwa kuiamini simu waliuza kwa hasara, na dalali ndiye aliyecheka. Nilipompata kijana aliyeitengeneza, aliniambia huduma aliyokuwa anachotea bei ilikuwa imebadilishwa. Yeye hakuarifiwa. Aliandika kuuliza mara nyingi, hakujibiwa. Kijana huyo alikuwa na fulana tatu za mwenye huduma.

Fulana tatu, na jibu hata moja hakuna!

Najua watakavyonijibu. Watasema mashindano yanawavuta vijana, yanawapa moyo, na bila shamrashamra hakuna atakayejua kwamba mlango upo. Ni kweli kiasi. Hata mimi nawapeleka wakulima Nane Nane, na wapo waliorudi na mbegu wakapanda. Lakini afisa anayejulikana kwa mabanda ya Nane Nane tu, asiyeonekana wakati kahawa inapopata kutu, huyo mnamwitaje? Ninyi mnajua mnavyomwita. Shamrashamra ni siku moja ya mwaka. Ugani ni siku nyingine zote.

Wengine watasema kosa ni la vijana wenyewe, hawana uvumilivu. Hili nalikataa kabisa, na nina mfano mkubwa. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007. Wakulima na wenye maduka waliishika upesi, na vijana wakaona mara moja kwamba wangeweza kuunganisha programu zao na malipo hayo. Mlango haukuwepo. Wakafanya nini? Waliunganisha simu na kompyuta, wakaifundisha kompyuta kusoma meseji za uthibitisho zinapoingia, ichambue jina, kiasi na namba ya muamala. Wewe mwenye duka unajua hatari yake, kwa sababu unajua meseji za kughushi. Wao pia walijua, lakini njia nyingine hawakuwa nayo. Mwaka 2015 ndipo Safaricom ilipoanza kuwafungulia watengeneza programu, na mwaka 2017 ikatoa lango rahisi zaidi, ikaliita Daraja. Jina zuri. Lakini hesabu mwenyewe: kutoka 2007 hadi 2017 ni miaka 10 watu wanavuka kwa kushikana mikono mtoni. Usiniambie hao hawakuwa na uvumilivu. Kilichokosekana ni mtu ndani ya kampuni mwenye sauti ya kutosha kusema: "Watu wanavuka mto hapa kila siku, wekeni daraja."

Kurudisha habari juu ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayoachwa. Viwavijeshi vamizi vilipotuingilia, wakulima waliona mashimo kwenye majani kabla ya ofisi yoyote, na wengine walianza kutia majivu na mchanga kwenye kovu la mhindi kabla ya mwongozo wowote kuandikwa. Afisa mwenye akili aliandika walichokifanya, akakipeleka kituo cha utafiti. Asiye na akili alisubiri waraka.

Mnalijua shamba darasa. Asili yake ni Indonesia, mwaka 1989, chini ya FAO, wakati mdudu mdogo wa kahawia alipokuwa anafyonza mpunga na wakulima wakinyunyiza sumu iliyowaua maadui wa mdudu huyo kuliko mdudu mwenyewe. Wakulima walikaa shambani wiki kwa wiki, wakahesabu wadudu wabaya na wazuri, wakabishana, wakaamua wenyewe. Hakuna aliyepewa ujumbe wa kukariri.

Jamii ya watengeneza programu ikilelewa hivyo, inazaa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, Kenya ikiwa kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, Wakenya wachache na wenzao walitengeneza programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Waliiacha wazi, maana yake mtu yeyote angeweza kuifungua, kuona ilivyofumwa, kuitengeneza na kuitumia kwake. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, watu wa mbali waliichukua wakaifanyia kazi, na Wahaiti waliokuwa nchi nyingine wakawa wanatafsiri meseji za waliokuwa kwenye kifusi. Mwaka huohuo, Nairobi, watu wa Ushahidi walisaidia kuanzisha iHub, mahali ambapo kijana aliyekwama anamkuta mwenzake aliyekwama hapohapo wiki iliyopita. Hiyo ndiyo shamba darasa yao. Sisemi kila kilichoanzia pale kimedumu. Nasema maswali yalipata pa kwenda.

Kuna jambo moja zaidi, na wanaokodi mashamba watanielewa upesi. Kijana anayejenga programu juu ya mlango wa kampuni amekodi ardhi. Mwezi Januari 2023, Twitter ilizizima programu za watu wengine walizokuwa wametengeneza kwa ajili ya kusomea mtandao huo. Baadhi yake zilikuwa na zaidi ya miaka 10. Wenyewe hawakupewa taarifa. Waliamka wakakuta hazifanyi kazi. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kufuta matumizi ya bure ya mlango wake. Ni sawa na mwenye ardhi kukung'olea muhogo wenye miezi minane kwa sababu amebadili mawazo. Kuna namna nyingine. Parse ilikuwa huduma ya kuhifadhi taarifa za programu za simu, na Facebook iliinunua mwaka 2013. Januari 2016 walitangaza kuifunga, wakatoa mwaka mzima wa kuhama, na wakaiachia programu yenyewe ili anayetaka aiendeshe kwenye kompyuta zake. Watu walikasirika, na walikuwa na haki, lakini walivuna walichopanda kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo, ninyi wenye kampuni na miradi mnaosema mnajenga jamii ya watengeneza programu za kilimo, nasema nanyi wazi. Punguzeni mashindano, ajirini watu wa kujibu. Maelezo yenu yaandikwe na Kiswahili pia, na yasahihishwe siku ileile mnapobadili kitu. Afisa wenu apimwe kwa maswali yaliyopata majibu na kwa matatizo yaliyotatuliwa na mafundi wenu baada ya yeye kuyaleta. Hesabu ya vichwa ukumbini waachieni wapambaji. Na mkitaka kufunga mlango, tangazeni mapema, angalau msimu mzima wa kilimo, kwa sababu nyuma ya yule kijana kuna watu mia tatu wenye magunia.

Nawe msomaji wangu, usikae kimya. Programu ikiletwa kijijini, kabla ya kuandikisha jina lako uliza inachota wapi taarifa zake, na huko inakochota wamepewa ahadi gani ya maandishi, ya muda gani. Muulize kijana, kwa upole, maana mara nyingi ni mtoto wa mwenzako: akikwama, nani anamjibu, na mara ya mwisho alijibiwa lini? Akikuonyesha jibu la wiki iliyopita, mpe nafasi. Akikuonyesha fulana, mpe pole na maji ya kunywa, lakini usiache kuandika kwenye daftari lako.

Mtake pia kila bei au taarifa ionyeshe tarehe iliyochukuliwa. Bei isiyo na tarehe usiitumie kuuzia hata debe moja. Na akisema mtakuwa mnamfikia kwa barua pepe, mwambie aandike namba ya simu inayopokelewa na mtu, kwa rangi, ukutani hapohapo ofisi ya kijiji, na jina la mwenye mlango aliandike chini yake.