Jeep mpya zinapendeza, lakini nani atazitengeneza Walikale?

Makampuni ya magari yanashindana tena kutuonyesha jeep za kupanda milima na kuvuka mito. Oktoba 2025 Toyota ilionyesha Land Cruiser FJ, ndogo kuliko ndugu zake, yenye moteri ya esansi ya lita 2.7. Scout, jina la zamani la Marekani lililofufuliwa na Volkswagen, iliahidi kuanza kutoa magari yake mwaka 2027. Mercedes tayari inauza G ya umeme yenye moteri nne. Sisi wakaaji wa Kivu, Ituri na Maniema tunaishi kwenye barabara za aina ile inayoonekana katika matangazo hayo. Tuna haki ya kuuliza magari haya yametengenezewa nani.

Tuchukue Land Rover Defender. Ile ya zamani, ambayo fundi aliweza kuifungua kwa funguo chache chini ya mti, iliacha kutengenezwa Januari 2016. Mpya ilitoka 2019, na shasi ya zamani haimo tena: mwili wote ni kipande kimoja cha aluminiamu, na nyingi zina springi za hewa na skrini kubwa mbele ya dereva. Mwaka 2024 ikaja Octa, yenye nguvu za farasi zaidi ya 600. Hatusemi ni gari baya. Kwenye matope linaweza kupita mahali ambapo lile la zamani lingekwama. Shida inaanza siku springi ya hewa inapopasuka kati ya Hombo na Walikale, na kompyuta ya kusoma ugonjwa wake iko mbali, labda ng'ambo ya mpaka.

Land Cruiser 300, iliyotoka 2021, nayo kuna zile zinazowashwa kwa alama ya kidole. Yeyote aliyewahi kusukuma gari katika matope ya Bunyakiri anajua vidole vinakuwa namna gani saa hiyo.

Mwingereza Jim Ratcliffe alikasirika Defender ya zamani ilipokufa, akaamua kutengeneza gari lake gumu, Ineos Grenadier, akalipa jina la baa ya London ambamo wazo lilizaliwa. Lina shasi ya kweli na ekseli nzima mbele na nyuma. Lakini moteri yake inatoka BMW, na mwisho wa 2024 kiwanda kilisimama kwa miezi kwa sababu kampuni iliyokuwa ikitoa viti ilifilisika. Viti! Hata ugumu siku hizi unauzwa kama starehe, kwa watu wenye uwezo wa kununua gari la pili la kwenda nalo porini Jumamosi.

Hapa kwetu gari linalofanya kazi tunalijua wote: Land Cruiser ya namba 70, inayotengenezwa tangu 1984. Kwa miaka mingi imekuja Afrika na moteri ya mazutu ya lita 4.2, silinda sita, bila turbo. Moteri hiyo inavumilia mazutu ya bidoni, yale ya ba-Kadhafi wa kando ya njia, ambayo yangeziba enjekta za moteri mpya kabla ya kufika safari ya pili. Vipuri vyake vinapatikana hata katika senta ndogo, na fundi anayeijua hakosekani.

Hata hivyo tusiifanye sanamu ya kuabudu. Mama mjamzito anayeletwa hospitali, amelala nyuma ya gari hilo kilomita 60 juu ya springi ngumu, hatakuambia kwamba starehe ni upuuzi. Abiria wa nyuma mara nyingi wanakaa kwenye mabenchi ya pembeni, bila mkanda, na gari likipinduka wao ndio wanaokufa. Mkanda, mifuko ya hewa, breki zisizofunga magurudumu na kiti kisichovunja mgongo si anasa. Hayo ndiyo tungependa kuyaona yakitoka kwenye jeep za matajiri na kuingia kwenye ambulansi zetu. Skrini na vidole vya kielektroniki vibaki hukohuko.

Kuna pia pesa ya umma. Wabunge wa taifa waliwahi kupewa jeep za Hyundai Palisade, gari zuri la mjini, na wananchi walipiga kelele. Kelele nyingi zilihusu bei. Swali lingine halikuulizwa sana: mbunge wa Shabunda atafika namna gani kwa wapiga kura wake na gari lile? Wengi wao hufika kwa ndege, na wagonjwa wao huenda kwa pikipiki au tipoyi.

Na hakuna gari, la dola elfu thelathini wala laki mbili, linaloziba shimo la barabara. Kila lita ya mafuta tunayonunua kihalali inachangia FONER, mfuko wa kutunza barabara ulioanzishwa 2008. Jeep ngumu zinapozidi kuwa nyingi katika ofisi za viongozi, ndivyo wao wenyewe wanavyozidi kutousikia ubovu wa njia.

Kwa hiyo serikali, majimbo na mashirika yanayonunua magari ya zone za afya yatangaze mambo matatu kabla ya kusaini: vipuri vinapatikana wapi, fundi gani wa hapa amefundishwa kulitengeneza, na mgonjwa atalala juu ya nini. Bei ya kununua iandikwe pamoja na bei ya kulitunza miaka mitano, na karatasi hiyo ibandikwe mahali wakaaji wanaweza kuisoma.