Mkono Usioelezwa Sababu

Ni kasumba iliyokita mizizi katika shule zetu kwamba kazi ya mikono ni kimbilio la aliyeshindwa na vitabu. Kasumba hiyo yaweza kupingwa kwa mfano wa mbali kidogo, nao ni ule wa raia wa Marekani wanaojiundia ndege ndogo nyumbani.

Sheria ya nchi hiyo humruhusu hata asiye mhandisi kuunda ndege, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na waundaji wenyewe kwa ajili ya elimu au burudani yao. Chama chao, Experimental Aircraft Association, kilianzishwa mwaka wa 1953 katika jimbo la Wisconsin. Baadhi ya ndege hizo zina kiunzi cha mabomba ya chuma cha pua yaliyochomelewa, mbinu ambayo kampuni ya Fokker iliitumia tangu enzi ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Ukuta wa bomba mara nyingi haufiki unene wa milimita moja. Ncha yake hukatwa na kupigwa tupa hadi ifanane na mdomo wa samaki, ipate kulikumbatia bomba jingine pasi na mwanya. Mwali wa oksijeni na asetilini sharti usawazishwe. Oksijeni ikizidi, chuma huungua; asetilini ikizidi, kaboni huingia katika kiungo na kukifanya kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kisha kiungo huachwa kipoe polepole, mahali pasipo upepo. Chuma kitumikacho, kijulikanacho kwa nambari 4130, kina kromi na molibdeni; kikimwagiwa maji kingali chekundu, hukauka na kuvunjika kama kigae.

Mwanagenzi aweza kujifunza kwa macho namna ya kushika tochi. Hawezi kuona kwa macho kwa nini maji ni adui wa kiungo kile. Sababu haionekani, sharti isemwe. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini angani hakuna nafasi ya kujenga ukuta.

Je, Kiswahili chaweza kuzibeba sababu hizo? Naam. Kutokana na kitenzi choma tumepata chomea, kisha chomelea, kama vile enda ilivyozaa endea na endelea. Tunalo pia neno lehemu, lenye asili ya Kiarabu. Hili twaweza kulitengea kazi ya kuunga kwa bati au risasi iliyoyeyushwa, ambapo vyuma vinavyoungwa haviyeyuki. Katika kuchomelea, kingo za vyuma vyote viwili huyeyuka na kuwa kitu kimoja. Asiyetofautisha maneno hayo mawili yamkini hatatofautisha kazi zenyewe.

Wapo watakaodai kwamba Kiingereza chatosha. Hata hivyo, fundi wa Kamukunji, jijini Nairobi, humfundisha mwanagenzi wake kwa Kiswahili, ilhali sababu za mambo zimefungiwa katika vitabu vya Kiingereza. Mkono umekaa upande mmoja, sababu upande wa pili.

Sisemi wanafunzi wetu waanze kuunda ndege. Lakini trela, viti vya basi la shule na minara ya matangi ya maji huchomelewa pia, na kiungo kikiachia, watu huumia. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili na aende karakana akakusanye msamiati kutoka kwa mafundi, kisha awape wanafunzi insha ya kueleza jinsi kiungo kinavyochomelewa na kwa nini kila hatua ni ya lazima. Nawe mwanafunzi, ukiambiwa na fundi usimwage maji, usitii tu. Muulize sababu, kwani kuuliza si ujinga.