Beki Naye ni Mfanyakazi

Wapenzi wa mpira tuna desturi moja isiyo ya haki. Mshambuliaji akifunga goli hubebwa mabegani, na jina lake likatajwa mpaka sokoni. Lakini beki aliyeokoa magoli matatu siku hiyo hiyo hurudi nyumbani kimya kimya, wala hatajwi ila siku aliyokosea. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za beki mmoja wa Uingereza, Jack Charlton. Hatumtaji kwa sababu Waingereza wamekosa watu wa kuwasifu, bali kwa sababu maisha yake yana funzo kwa kila mtu alaye kwa jasho lake.

Charlton alizaliwa mwaka 1935 katika Ashington, mji wa makaa ya mawe kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchimbaji. Yeye mwenyewe aliingia mgodini akiwa kijana wa miaka 15, akaionja kazi ile kwa muda mfupi, akaiacha, akaenda kujaribu bahati yake katika klabu ya Leeds United. Alicheza mechi yake ya kwanza mwaka 1953, na mwaka 1973 akaaga. Katika miaka hiyo 20 aliichezea klabu hiyo moja tu, mechi 773, na hakuna mchezaji wa Leeds aliyeipita hesabu hiyo.

Timu ya taifa ilimwita mwaka 1965, alipokuwa akikaribia miaka 30, umri ambao wengi huanza kufikiri habari za kutundika daluga. Tarehe 30 Julai, 1966, alikuwa katika uwanja wa Wembley pamoja na nduguye Bobby, Uingereza ilipoishinda Ujerumani Magharibi kwa magoli 4 kwa 2 na kulitwaa Kombe la Dunia. Mwaka 1972 alilichukua Kombe la FA na Leeds, siku mbili tu kabla ya kutimiza miaka 37. Huo ndio udumifu, nasi twaupa heshima yake.

Lakini sifa pekee hazimshibishi mtu. Charlton alipoanza kazi, klabu za Uingereza zilikuwa zimepatana kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya kiwango kilichowekwa, hata awe hodari namna gani. Mpaka mwanzo wa mwaka 1961 kiwango hicho kilikuwa pauni 20 kwa juma. Tena mkataba ulipokwisha, klabu iliweza kumzuia mchezaji asiende kwingine. Wachezaji walisimama pamoja katika chama chao, chini ya uongozi wa Jimmy Hill, wakatangaza kwamba watagoma. Ndipo kikomo cha mshahara kikaondolewa. Mwaka 1963 mahakama, katika kesi ya mchezaji George Eastham, ikatamka kwamba utaratibu ule wa kuwafunga wachezaji ulikuwa kizuizi kisicho cha haki. Haki hizo hazikushuka kama mvua. Zilidaiwa, zikapatikana.

Hata hivyo, kuna deni ambalo mshahara haukulilipa. Kazi ya beki wa kati ni kuiondoa mipira ya juu, na Charlton, mtu mrefu hata akaitwa Twiga, aliifanya kazi hiyo kwa kichwa chake, mazoezini na mechini, mwaka baada ya mwaka. Mpira wa zamani ulikuwa wa ngozi, nao ulipolowa maji ulizidi uzito. Charlton alifariki Julai 2020, akiwa na miaka 85, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa amepatwa na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Hakuwa peke yake. Katika wale kumi na mmoja walioshinda mwaka 1966, Ray Wilson, Nobby Stiles, Martin Peters na Bobby Charlton nao walipatwa na maradhi ya namna hiyo.

Atasema mtu kwamba huo ni uzee tu. Kweli, wazee wengi ambao hawakugusa mpira huugua hivyo. Lakini mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichunguza habari za wachezaji wa kulipwa wa zamani 7,676 wa Scotland, wakaona kwamba vifo vyao vilivyotokana na maradhi ya kuharibika ubongo vilikuwa kiasi cha mara tatu na nusu kuliko vya watu wengine. Mwaka 2021 wakaongeza kwamba makipa hawakutofautiana sana na watu wa kawaida, ila mabeki walikuwa katika hatari ya kiasi cha mara tano, na kwamba kadiri mtu alivyocheza miaka mingi ndivyo hatari ilivyozidi. Wataalamu hawakusema kwamba kila mgonjwa aliugua kwa sababu ya mpira; lakini kinachoshukiwa zaidi ni kule kuupiga mpira kwa kichwa mara kwa mara. Basi udumifu tunaoushangilia ndio huo huo unaomgharimu beki.

Tena onyo lilikuwa limetolewa mapema. Mwaka 2002, alipofariki Jeff Astle, mshambuliaji aliyesifika kwa vichwa, akiwa na miaka 59 tu, afisa wa serikali aliyechunguza kifo chake alitamka kwamba ugonjwa uliomwua ulitokana na kazi yake. Tangu tamko lile mpaka utafiti wa Glasgow ilipita miaka 17. Ndipo wakubwa wa mpira wakashauri, mwaka 2020, kwamba watoto wa shule za msingi wasifundishwe vichwa mazoezini, na mwaka 2021 kwamba watu wazima wasipige vichwa vya nguvu zaidi ya kumi kwa juma katika mazoezi. Hatua hizo ni njema, lakini zawafaa wachezaji wa kesho. Je, wa jana?

Wako watakaojibu kwamba mchezaji alilipwa na alicheza kwa hiari yake. Sisi twauliza: je, mchimba makaa hakulipwa? Naye aliingia mgodini kwa miguu yake. Hata hivyo mapafu yake yakiharibika kwa vumbi, sheria ya Uingereza humhesabu kuwa amepata ugonjwa wa kazi, na hustahili kulipwa. Kwa nini mwana wa mchimbaji, aliyeumia ubongo kwa kuwafurahisha maelfu, asihesabiwe vivyo hivyo?

Kwa hiyo twasema wazi. Klabu yoyote inayomwajiri mchezaji, iwe ya Uingereza au ya kwetu, haina budi kumweleza hatari ya kazi yake, kumpimisha kwa daktari angali mzima, na kumtunza akiugua hata kama amekwisha kustaafu. Wanachama wa klabu, mnapokutana na viongozi wenu, msiulize tu habari za makombe. Ulizeni pia mikataba inasema nini juu ya matibabu. Wahenga walisema, ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Basi na zizi lisifungwe mlango.